Kula ya Tulufu

Uvumi hauna miguu, lakini hufika kabla ya mwenye baiskeli. Huu ulifika saluni mchana wa Jumamosi. Mteja alikuwa ameinamisha kichwa, nusu kimesukwa na nusu kinasubiri, na aliusema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apitishiwe kichana.

"Nyie mnakiangalia hiki kipindi mkidhani wale watoto wote wanne wanaongea?" alisema, akinyoosha kidole kwenye runinga iliyokaa juu ya kabati la mafuta ya nywele. "Thubutu! Kule kuna vichwa na kuna midomo. Mtoto wa mtu asiye na mbele wala nyuma akiwa na akili wanamchukua, ndiyo, ila wanachukua kichwa tu. Mdomo anauacha getini. Jibu analitoa yeye, analisema mtoto wa mkubwa."

"Acha uongo wako," akasema Kidosho, msusi wa kiti cha pili. "Umeyaokota wapi hayo?"

"Shemeji yangu anasukuma zile kamera. Utanibishia mimi au shemeji yangu?"

"Nitakubishia wewe, maana shemeji yako hayupo."

Saluni nzima ikacheka, mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya mtu. Lakini msusi wa kiti cha kwanza, yule aliyekuwa ameshika kichwa cha huyo mteja, hakucheka. Vidole viliendelea kusuka vyenyewe, maana vidole vya msusi vina akili zao, ila moyo ulikuwa umeshasimama. Bintiye alikuwa amechaguliwa wiki hiyohiyo kuingia kwenye timu ya shule yao. Jumamosi iliyokuwa inakuja angekuwa ndani ya runinga ileile, juu ya kabati lilelile.

Mtaani msusi huyu aliitwa Mama Kamusi. Jina alilipata kwa huyo binti, ambaye tangu alipojua kusoma hakuacha maandishi yapite hivi hivi. Alisoma gazeti lililofungiwa sabuni. Alisoma onyo kwenye nguzo ya umeme. Alikaa chini ya kiti cha saluni akisoma makopo ya dawa kwa sauti, na wateja wakamuuliza maana ya hili na lile, akajibu, wakacheka wakasema huyu si mtoto, ni kamusi. Alipomaliza shule ya msingi alifaulu mpaka akaitwa shule kubwa ya bweni, ile ya makoti ya bluu yenye nembo ya dhahabu mfukoni, ambako watoto wa majaji na madaktari hushushwa na magari yasiyotoa hata mlio.

Na kipindi chenyewe kilikuwa na jina refu la kiofisi, lakini watu wote walikiita Kengele. Meza mbili, shule mbili, wanafunzi wanne kila meza, na kengele katikati. Mtangazaji mwenye tai ya kipepeo anasoma swali, anayejua anagonga, anayegonga ndiye anayejibu. Basi. Kitu chepesi, lakini kilikuwa kimewashika watu kama gundi. Saluni nzima ilijibu. Aliyetoroka shule darasa la tano alijibu, aliyekuja kuosha nywele tu alijibu na povu masikioni. Ukipatia unapiga paja na kutazama pande zote kama kuna aliyekuona. Ukikosa unasema maswali ya siku hizi yameharibika. Kwa nusu saa kila mmoja alikuwa msomi. Utamu ulikuwa hapo, na mwiba ulikuwa hapohapo: kipindi kilipoisha, wale wenye makoti waliondoka na usomi wao, na saluni ikabaki na ufagio na nywele sakafuni.

Kuna jambo moja la kujua kuhusu Mama Kamusi, la sivyo yaliyobaki hayataeleweka. Kwao alikokulia, herufi ya "r" haikuwahi kufika. Ilikuwapo "l" peke yake, ikifanya kazi ya wawili kama mtumishi wa nyumba ya mabahili. Hakusema barabara, alisema balabala. Hakusema rudi haraka, alisema ludi halaka. Wateja walishazoea. Mumewe, fundi bomba, aliyetoka upande ambako "r" inatiririka, alimtania tangu uchumba wao. "Ulimi wa mke wangu ni koki mbovu," alikuwa akisema. "Unafungua r, inatoka l."

"Na wewe fundi gani," mkewe alimjibu, "mwaka hadi mwaka koki ya nyumbani kwako imekushinda?"

Binti alikuwa na ndimi mbili. Kwa baba alisema "r" kama kawaida. Kwa mama ile herufi ilijiondokea, na hakuna aliyeona ajabu. Mtoto huongea na mama yake kama alivyonyonyeshwa.

Jumamosi ikafika. Kidosho alisogeza viti, akawafukuza waliokuja kupiga soga tu, kisha akawarudisha kwa sababu walikuwa wanajua kushangilia. Binti akaonekana. Alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa meza, koti limemkaa vizuri, mistari ya kichwani ikionekana kila kamera ilipopita, na mama yake aliitambua kila mmoja kwa kuwa aliisuka yeye. Saluni ikapiga vigelegele.

Lakini swali la kwanza lilipoulizwa, binti hakugonga. Aliinama kwenye sikio la kijana aliyekaa kando yake, aliyeitwa na mtangazaji Nahodha. Midomo ikacheza. Nahodha akagonga, akajibu kwa sauti nzito yenye kupendeza, akapatia. Swali la pili, hivyohivyo. Midomo, sikio, kengele, jibu. Ilipofika katikati ya kipindi, Mama Kamusi alikuwa hamwangalii tena mtangazaji. Aliangalia midomo ya mwanawe tu.

"Huyo kijana ana kichwa!" akasema mwanamke aliyekuwa chini ya kikaushio. "Hashindwi kitu."

"Na yule wa pembeni je?" akauliza mwenzake, asiyejua.

"Yule? Si wamemweka ajaze kiti."

Kidosho akakohoa. Mama Kamusi akasema, "Nipisheni hapo, nataka kufagia," na akafagia mahali palipokuwa pameshafagiliwa.

Shule yao ilishinda. Wiki iliyofuata binti aliruhusiwa kuja nyumbani siku moja, na mama yake hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Mwanangu, nimekuona kwenye TV. Ulikuwa unamnong'oneza nini yule kijana?"

"Majibu."

"Yote?"

"Siyo yote, mama. Ya hesabu anayajua mwenyewe."

"Na kwa nini usigonge wewe, ukasema wewe?"

"Ndivyo tulivyopangwa. Mimi natafuta, yeye anasema. Ni timu, mama. Hata kwenye mpila siyo kila mtu anafunga goli."

"Kwenye mpila anayetoa pasi anatajwa jina."

Binti akainama kuvua viatu. Baba, aliyekuwa anapangusa spana zake mlangoni, akasema, "Mama Kamusi, mwache mtoto apumzike. Wameshinda, si ndiyo? Mbona unamsuta kama kaiba?"

"Simsuti. Nauliza."

"Unauliza kama polisi."

Aliacha kuuliza kwa mdomo, lakini ule uvumi ulikuwa umeshaota mizizi. Alipochana nywele za watu aliusikia. Vichwa na midomo. Alipokunja taulo aliusikia. Usiku na mchana ulikuwa naye kama jiwe kwenye kiatu, na wewe unajua jiwe la kwenye kiatu: dogo, lakini ndilo linaloongoza safari.

Nusu fainali, wazazi walialikwa studio. Fundi bomba aliitwa asubuhi ile ile kwenye hospitali moja ambako bomba lilikuwa limepasuka na maji yameingia wodini, hivyo mkewe akaenda peke yake. Alivaa gauni lake la heshima, akachukua na kichana kidogo mkobani, kwa mazoea ya kazi.

Studio ilikuwa na baridi ya mashine. Sakafu imejaa nyaya zilizobandikwa kwa utepe, na zile meza mbili, ambazo kwenye runinga zilionekana za mbao nzito, zilikuwa makaratasi magumu yaliyopakwa rangi. Kijana mwenye vidude masikioni aliwafundisha wazazi kupiga makofi: akiinua mikono wapige, akishusha waache. Wazazi wengine walikuwa wanafahamiana. Walisalimiana kwa vyeo. Mama Kamusi alimsalimia aliyekaa karibu yake, akajibiwa kwa kichwa.

Kabla kipindi hakijaanza alitoka akamtafuta mwanawe. Alimkuta kwenye kijichumba cha kupakwa poda, amekaa mbele ya kioo. Mstari mmoja wa nywele juu ya sikio ulikuwa umelegea. Mama alitoa kichana, akaanza kuufumua na kuusuka upya, kama angefanya nyumbani.

"Umelala vizuli?" aliuliza.

"Kidogo, mama. Naogopa."

"Usiogope. Hao wengine nao..."

"Mama, samahani sana." Alikuwa mwalimu mlezi wa timu, mwanamke mpole mwenye miwani, amesimama mlangoni na karatasi zake kifuani. "Tunaomba asiongee kwa sasa."

"Mimi ni mama yake."

"Najua, mama yangu. Ndiyo maana."

Neno lilipomtoka, mwalimu mwenyewe akaona halikukaa vizuri, akaingia ndani alirekebishe. "Si kwa ubaya. Ni zile r na l. Tumekaa naye muda mrefu tunamrekebisha, na anajitahidi, lakini akiongea na wewe kidogo tu, zinarudi. Ndiyo maana tumempa Nahodha kazi ya kusema. Ulimi ni kama nguo nyeupe, mama. Tunautunza tu mpaka kipindi kiishe."

Mama Kamusi aliacha kusuka. "Kwa hiyo nikiongea na mwanangu namchafua."

"Sijasema hivyo."

"Umesema nguo nyeupe."

Mwalimu akatazama karatasi zake. Binti alikuwa anawaangalia wote wawili kwenye kioo. Mama alimalizia ule mstari, akafunga ncha kwa uzi, akaweka kichana mkobani. Kisha akamwinamia mwanawe sikioni, na alichosema hakikuwa na ile herufi hata mahali pamoja.

"Mimi sikuzaa kichwa. Nilizaa mtu, na mdomo wake."

Akarudi kwenye kiti chake.

Mchezo ulikwenda bega kwa bega. Meza hii inapata, meza ile inapata. Midomo, sikio, kengele, jibu. Safari hii Mama Kamusi aliona kwa karibu yale ambayo runinga haikuonyesha: kila baada ya kunong'ona, mwanawe alirudisha mikono chini ya meza akaibana kwa magoti.

Ikabaki kengele ya mwisho, pointi zikiwa sawa. Mtangazaji akapunguza sauti, kama wanavyofanya.

"Katika baraza, mjumbe mmoja anapokuwa na haki ya kuzuia uamuzi, hata kama wengine wote wameukubali, haki hiyo inaitwaje?"

Nahodha alikuwa ameshategesha sikio. Binti alilijua jibu. Ilionekana, maana uso wake ulifunguka kama mlango. Akainama kuelekea sikio lile. Halafu akasita. Akainua macho, akawatafuta watu kwenye giza la wazazi, akampata mmoja. Akanyoosha mkono mrefu mbele ya kifua cha Nahodha, akagonga kengele mwenyewe.

"Ehee!" mtangazaji akasema. "Binti wa pembeni! Leo tutaisikia sauti yako."

Taa ikamwangukia. Kamera ikasukumwa karibu.

"Kula ya tulufu," akasema binti.

"Samahani?" mtangazaji akasema. "Rudia, mwanangu, usiwe na haraka."

Sasa hapo ndipo mtoto angejirekebisha. Alikuwa ameifanyia mazoezi herufi ile bwenini, bafuni, njiani kwenda darasani. Lakini hofu haikumbuki mazoezi, hofu inakimbilia nyumbani. Binti akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, kila neno peke yake.

"Kula. Ya. Tulufu."

"Kula!" mtangazaji akageukia watu, mikono imefunguliwa. "Jamani, kumbe mtoto ana njaa! Nani amebeba chochote huko nyuma?"

Kicheko kikapasuka. Yule kijana wa makofi, kwa mazoea tu ya kusikia kelele, akainua mikono juu, na watu wakapiga makofi juu ya kicheko. Jaji wa kipindi akatikisa kichwa: jibu sharti litamkwe sawasawa. Meza ya pili ikagonga. "Kura ya turufu," akasema mtoto wao, r zikinguruma kama pikipiki, na mchezo ukaisha.

Mwanamke aliyekaa karibu na Mama Kamusi alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Akampiga paja, kama wanavyofanya wanawake wakichekeshwa pamoja. "Masikini," akasema, "hivi katoka wapi huyu?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ni wangu. Maneno mawili, na hayana ile herufi. Mama Kamusi alifungua kinywa. Akakifunga.

Nje, penye ngazi, Nahodha alikuwa amesimama na binti. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa ameshangaa tu. "Si ungeniambia mimi kama siku zote?" alikuwa anasema. "Leo umepatwa na nini?" Binti alimwona mama yake anashuka, akamtazama kidogo, kisha akaingia kwenye basi la shule na kukaa upande wa pili, ambako madirisha hayakuelekea ngazi.

Video haikuchelewa. Mtu alikata kipande kile, mtu mwingine akakitia ngoma, ikawa wimbo: kula ya tulufu, kula ya tulufu, puh, puh. Watu wakatumiana. Wengine wakaiweka kama mlio wa simu. Mtangazaji naye kwenye kipindi kilichofuata aliwauliza washindani kama wameshiba, na saluni nyingi, huko na huko, zikacheka.

Ilipofika saluni kwao ililetwa na mteja mgeni, karani wa ofisi fulani, mchangamfu, aliyekaa kiti cha kwanza na simu mkononi.

"Dada, umeona haka katoto? Hebu ona, utakufa."

Kidosho aliisikia ile ngoma kutoka upande wa pili. "Zima hiyo."

"Kwa nini? Mbona inachekesha?"

"Nimesema zima. Kuna vitu vingine vya kuangalia."

"He! Saluni ina askari hii." Mteja akaiinua simu juu ya bega ili msusi wake aone vizuri. "Angalia anavyorudia sasa. Anarudia kwa kujiamini!"

"Mwache," Mama Kamusi akamwambia Kidosho. "Mwache aangalie." Akagawa nywele katikati, akachukua mafungu yake, akaanza mstari mpya. "Ni mwanangu huyo."

Simu ikashuka. Ngoma ikaendelea kidogo mapajani kabla haijazimwa. "Mungu wangu. Samahani, mama. Sikujua, haki ya Mungu sikujua." Na kwa kuwa aibu humfanya mtu aseme zaidi badala ya kunyamaza, mteja akaongeza, "Lakini mtoto mwenye akili vile, si angefundishwa tu kuongea?"

"Alifundishwa," Mama Kamusi akasema. "Kuongea nilimfundisha mimi."

Kidosho aliwasha kikaushio ingawa chini yake hapakuwa na mtu.

Shuleni binti hakufukuzwa, hakupigwa, hakugombezwa. Mwalimu mlezi alimwambia apumzike kwanza, akae nje ya timu, na wenzake wakampa jina: Turufu. Walilitamka na ile r yake, ndefu, iliyopinda, ili asikie ilivyo sahihi.

Alirudi nyumbani likizo. Mama yake alimsikia getini akaacha sufuria, akatoka mbio na mikono ina maji.

"Shikamoo, mama," binti akasema. "Habari za hapa?"

Ile r kwenye habari iligongwa kama msumari. Mama akaitikia marahaba kwa ulimi wake ule, na palepale akaona shavu la mwanawe limekaza, kama mtu aliyetonesha jino. Tangu siku hiyo binti hakuwa na ndimi mbili. Alikuwa na mmoja, ule wa koti la bluu, na hata huo aliutumia kwa uchache. Aliulizwa, akajibu. Hakuulizwa, alinyamaza. Makopo ya dawa yalikuja na maandishi mapya, hakuyasoma.

Na mama naye, bila kumwambia mtu, akaanza kuchagua maneno. Kabla hajasema aliligeuza neno mdomoni kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Likiwa na ile herufi alilimeza, akatafuta jingine. Hakusema "karibu," alisema "njoo." Hakusema "nimefurahi," alisema "ni vizuli..." akasimama hapohapo katikati, akasema "ni sawa." Hujui maneno ya nyumbani yana ile herufi kiasi gani mpaka ujaribu kuishi bila hiyo.

Lakini lililowashinda wote halikuwa na r. Jioni ya kwanza sahani zilikuwa zimewekwa, baba kachoka na kazi, kasahau, na kwa upendo tu akamsogezea mwanawe sahani. "Haya, kula, mwanangu."

Binti akaweka kijiko chini. Hakukasirika. Aliinuka taratibu, akasukuma kiti mahali pake, akaingia chumbani. Fundi bomba akabaki ameshika sahani hewani. "Nimesema nini?" aliuliza, na kabla hajajibiwa akajua.

Fikiria nyumba ambayo neno hilo haliwezi kusemwa. Mama hawezi kumwambia mtoto njoo ule. Hawezi kuuliza umekula. Chakula nacho kina neno lile tumboni. Mama Kamusi aliweka sahani mezani na kugonga ukingo wake kwa kijiko mara moja, polepole, na binti akija alikuja, asipokuja ilifunikwa. Mtoto akapungua mpaka mikono ya nguo ikawa mipana.

Siku ya mwisho ya likizo binti alikaa chini, mgongo kwa mama yake, kichwa kati ya magoti yake, asukwe kabla ya kurudi shule. Hiyo kazi haikuhitaji maneno, na kwa muda mrefu ilikuwa kama zamani. Redio ya jirani ilisikika. Kichana kilipita.

"Mama," binti akasema akiwa ametazama mbele. "Kuna Siku ya Wazazi."

"Eeh. Tutakuja."

"Aje baba."

Vidole havikusimama. "Na mimi je?"

"Na wewe uje." Alikuwa anavuta uzi uliotoka kwenye pindo la sketi yake. "Ila walimu wakija kusalimia, na wazazi wa wenzangu... wewe tabasamu tu. Baba ataongea."

Msusi alifika mwisho wa mstari, akafunga ncha. Akachukua nywele za mstari unaofuata. Alikuwa na mengi ya kusema, akayapitia moja moja, na kila moja aliloliokota lilikuwa na ile herufi ndani yake.

"Sawa," akasema.

Alienda. Alivaa lile gauni la heshima. Mwalimu mlezi alikuja akamshika mkono kwa mikono miwili, akamuuliza hali, na Mama Kamusi akatabasamu. Fundi bomba akaongea. Binti alikuwa amesimama kati yao, na uso wake ulionekana umetulia kidogo, kwa kuwa hakuna lililoharibika.

Wenzangu mnaolea, haya yaepukeni:

Usipeleke uvumi wa saluni moja kwa moja kwa mtoto. Nenda kwanza shuleni ukaulize, na uende mapema, si siku ya kipindi.

Usimwambie mtoto neno zito akiwa mlangoni mwa jambo kubwa.

Usikubali mtoto afundishwe kuongea kwa kufanywa aone aibu ya nyumbani kwao.

Usicheke video ya mtoto usiyemjua. Usiitume. Ukiletewa, ifute.

Usimwite mtoto jina alilopewa na wanaomcheka, hata kwa utani, hata kama yeye mwenyewe anatabasamu.

Usimsifu anayesema jibu kabla hujatazama lilikotoka.

Watu wakikuuliza "katoka wapi huyu," usinyamaze.

Ukimwona mtoto anapungua, usingoje likizo iishe.